Siku moja maishani mwangu: nauza Rolls-Royce ya 1934 hapa Kampala

Kampala ukimwambia mtu wewe ni dalali wa magari, palepale anashika mkoba wake vizuri. Anajua dalali ni yule anayerudisha kilomita nyuma, anayepaka rangi gari iliyopinduka, anayekula huku na huku. Wapo, siwezi kukataa. Lakini mimi hii kazi nimeifanya miaka kumi na moja, Premio na Noah na Harrier nilizouza sina hesabu yake, na hakuna mteja aliyenirudia na polisi. Na tangu mwezi wa pili nimekabidhiwa gari ambayo sijawahi kushika kama hiyo, Rolls-Royce 20/25 ya mwaka 1934, ya Mzee mmoja wa Jinja. Ndugu zangu kule Busia wanadhani nimeokota dhahabu, nakaa tu kivulini nasubiri kamisheni. Basi niwaeleze jana ilivyokuwa.

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, chai, watoto, uniform, boda kutoka Kireka mpaka Bugolobi.

Saa moja kamili nafungua stoo. Hiyo stoo nailipia mimi mwenyewe, sio Mzee, maana gari kama hii huwezi kuiacha bondi, yaani yadi ya kuuzia magari, kule Nakawa ikapigwa na jua na mvua na kila mpita njia anaegemea. Kabla sijatoa shuka nainama naangalia kadibodi niliyotandika chini, kama mafuta yamedondoka na yamedondoka wapi. Doa dogo palepale pa siku zote ni sawa, likihama ndio napiga simu kwa fundi. Jana lilikuwa palepale.

Halafu siku ya kuwasha. Kila siku ya tatu nawasha, na hapa ndio watu hawaelewi kwamba hii sio gari ya kuzungusha ufunguo ukaondoka. Katikati ya usukani kuna vijiti vidogo, kimoja cha moto wa plagi, kimoja cha mchanganyiko wa petroli na hewa, kimoja cha gesi ya mkono. Unachelewesha moto, unaongeza petroli kwenye mchanganyiko, unasikiliza. Haina pampu ya petroli kama gari zetu, ina kitanki kidogo kinaitwa Autovac, kinavuta petroli kutoka tanki la nyuma kwa mfyonzo wa injini yenyewe, kwa hiyo ukiiacha imelala wiki mbili tatu kitanki kinakauka na hakuna cha kuvuta mpaka ukijaze kwa mkono. Haya yote Mzee alinifundisha siku mbili nzima pale kwake Jinja, hakukubali niondoke nayo mpaka nimewasha mwenyewe mara tano bila yeye kusema neno. Silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 3,669, na ikishatulia kijana wangu wa kuosha aliyesimama kwa mlango huwa anauliza, mama, imezima? Haijazima. Ndivyo ilivyo.

Saa tatu Nakawa, nikamuonyesha mwalimu mmoja Premio, atarudi na mumewe. Saa nne kasoro nikakimbia kurudi Bugolobi kwa sababu mteja wa Rolls-Royce alisema saa nne.

Huyo mteja alifika saa nane na nusu.

Saa nne na nusu alisema yuko kwenye jam Jinja Road. Saa sita akasema bado yuko jam. Na mimi siwezi kutoka, siwezi kufunga, kijana nilishamtuma Kisekka, soko la spea, kutafuta mpira wa radieta, kwa hiyo nikala rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, nimesimama mlangoni nikiangalia barabara, mkono mmoja chapati mkono mwingine simu. Alipofika alikuwa na rafiki zake wawili na fundi wake. Akanipita. Akamwambia kijana wangu, ambaye ndio kwanza anarudi na mpira mkononi, ssebo, bosi yuko wapi? Kijana akaninyooshea mimi. Nikawakaribisha, nikawapa maji, nikawaomba wasiegemee.

Fundi akaanza kugonga mlango kwa kidole. Ko, ko, ko. Akageuka akapiga kelele, banange, hii gari ni mbao! Nikaeleza, na ninaeleza kila mara na sichoki kwa sababu huu ndio utamu wa hii gari. Enzi zile Rolls-Royce kiwandani Derby walikuwa wanatengeneza chasisi na injini tu, hawakutengeneza bodi. Tajiri ananunua chasisi, anaipeleka kwa mafundi wa bodi anaowapenda yeye, anachagua milango, viti, umbo la mgongo. Hii bodi yake ni ya Park Ward wa London. Ndani ni fremu ya mbao ya mti wa ash, juu yake ndio bati la alumini. Na nikawaonyesha bila kuulizwa, chini ya mlango wa nyuma kushoto mbao ya asili ilioza, Mzee akaiondoa, fundi wa Ndeeba akamchongea nyingine ya mvule. Imekaa vizuri lakini sio ya asili, nimeandika kwenye karatasi ya maelezo. Mimi sifichi kitu cha namna hiyo, mnunuzi anayejua atakigundua kwa dakika tano na hapo atatilia shaka kila kitu kingine nilichosema.

Nilidhani wataheshimu hilo. Wapi. Mteja akasema, kwa hiyo ni feki. Akaonyesha ile nembo ya R mbili, eti orijino ni nyekundu na hii ni nyeusi, ameona kwenye simu. Nikamwambia bosi wangu, za nyekundu ni za zamani zaidi, baadaye wakabadilisha kuwa nyeusi, watu wanasema ni msiba wa Henry Royce, mmoja wa waanzilishi, aliyefariki 1933 lakini uamuzi ulikuwa umeshafanyika yeye akiwa hai. Ya 1934 kuwa nyeusi ndio sawa kabisa. Akasema, mama wewe unajua kuongea.

Hapo nilikuwa nimesimama tangu saa nne, miguu inawaka.

Halafu likaja la karatasi, na hilo nilimshukuru kimoyomoyo hata kama aliuliza kwa dharau. Hii si mali ya Muhindi aliyefukuzwa? Ni swali la maana sana Uganda hii. Agosti 1972 Amin alitangaza Waasia waondoke ndani ya siku 90, na walichoacha kikawekwa chini ya Custodian, bodi ya serikali ya kusimamia mali zilizoachwa, na mpaka leo kuna nyumba na viwanja watu wanavutana mahakamani. Gari ikiwa ilichukuliwa vile, mimi singeigusa. Lakini baba yake Mzee alikuwa dereva wa mwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, na tajiri alimuuzia mwaka 1968, amani kabisa, kwa kukatwa mshahara. Uhamisho umeandikwa kwenye logbuku ya zamani, tarehe, sahihi, stempu, na ile risiti ya mkono Mzee ameitunza kwenye bati la biskuti. Nilikaa wiki mbili nikilinganisha namba ya chasisi kwenye kibao chini ya boneti na iliyo kwenye logbuku, herufi kwa herufi, kabla sijatangaza gari kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo kazi ya dalali. Kuongea kunakuja mwisho.

Akaangalia logbuku kama anaangalia gazeti la jana. Akataka kuendesha. Nikamwambia nitaendesha mimi, yeye akae pembeni. Gia na breki ya mkono viko upande wa kulia karibu na mlango, gia ya kwanza na ya pili zinataka ukanyage klachi mara mbili, ukikosea unasikia meno yanalia na hayo meno hayauzwi Kisekka. Breki nayo inasaidiwa na servo inayozungushwa na giaboksi, ukienda polepole sana msaada unapungua, lazima mguu wako ujue. Tukazunguka Bugolobi mara moja tu. Babu mmoja nje ya duka alisimama akavua kofia. Nafikiri alikumbuka ile ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, ambayo mabaki yake yako kwenye kasri la Lubiri, Mengo, tangu jeshi livamie kasri hilo 1966. Nilitaka kusimama nimsalimie lakini mteja alikuwa anaongea na simu kwa sauti.

Tuliporudi ndipo akasema alichokuja nacho. Milioni thelathini. Bei ya Mzee ni milioni mia na hamsini, na aliijua tangu Jumatatu. Fundi akaeleza mpango: injini itoke, iingie ya Toyota Surf ya dizeli, giaboksi otomatiki, wakate sakafu kidogo, iwe ya kukodisha kwenye harusi. Alikuwa anachora kwa kidole kwenye mlango akionyesha pa kukata. Nikamuomba atoe kidole. Nikakataa mpango wote, kwa upole. Basi mteja akasogea mbele, akashika kile kisanamu cha mwanamke kwenye kifuniko cha radieta, akauliza, na hiki peke yake? Milioni tatu sasa hivi, pesa iko kwa gari.

Mzee angejuaje, akasema. Utamwambia kimeibiwa, mji huu si unaujua.

Nitasema ukweli, kodi ya stoo ninadaiwa mwezi mmoja na nusu. Kamisheni yangu ni asilimia tano na sijui itaingia lini. Milioni tatu niliziona kwa macho, zimefungwa raba. Nikamwambia ssebo, naomba utoe mkono wako hapo, nafunga. Akabaki nusu saa nyingine akibishana, rafiki yake mmoja akinirekodi. Sikupandisha sauti. Walipoondoka jua lilishazama na mbu wameingia.

Nikaifuta kila mahali walipogusa. Kwenye mlango ule wa nyuma kulikuwa na mchubuko mdogo wa pete ya mtu, mpya. Nilikaa chini nikalia kidogo, uchovu tu.

Sijui ilikuwa saa ngapi simu ikalia, jamaa wa Nairobi, ambaye ameshawahi kupeleka gari zake kwenye maonyesho ya Concours pale Ngong Racecourse. Huyu hata bei hajaniuliza mara ya pili. Anataka picha ya kibao cha chasisi, picha ya mvule ule, picha ya chini ya sakafu. Ameshaandikia klabu ya Rolls-Royce kule Paulerspury, Uingereza, wanakotunza kadi za kila chasisi tangu ilipotoka kiwandani. Anakuja Jumamosi na ana ombi moja, nisiiwashe siku hiyo kabla hajafika. Anataka kuikuta baridi, awashe kutoka mwanzo aone inavyoamka. Nililala chali kwenye simenti na tochi nikampigia picha zote, ishirini na kitu.

Nilipokuwa nafunika shuka Mzee akapiga, kama kila jioni.

“Imeshindaje?”

“Imeshinda salama, Mzee. Shikamoo.”

“Marahaba mwanangu. Nani amekuja?”

Nikamwambia yote, na mchubuko pia. Nilipofika kwenye kisanamu akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Halafu akaniambia nishike tochi, nizungushe kifuniko cha radieta polepole kwenda kushoto, nikitoe, nizibe mdomo kwa kitambaa safi, niende nacho nyumbani mpaka Jumamosi. Hakukata simu mpaka nikamwambia kimetoka.

Nimekuja nacho kwa boda, kifuani, ndani ya jaketi. Sasa hivi naandika kiko juu ya kabati, nimekifunga kwenye kanga.