Simba alipofyata mkia nilidhani anatubu

Nilikulia Tanga katika nyumba ambayo mbwa hakukanyaga hata baraza yake, na yote niliyoyajua kuhusu mnyama huyo ni kwamba mate yake ni najisi na kwamba ukiinama kama mtu anayeokota jiwe, atakimbia. Nilipohamia Moshi kufundisha, mwenye nyumba alinikabidhi funguo pamoja na mbwa wa rangi ya kahawia aitwaye Simba, nami nikaanza kumsoma hali sijui alifu wala bee ya lugha yake.

Kosa langu la kwanza lilitokana na ndala ya ngozi. Nilirudi jioni nikaikuta imetafunwa, na Simba, aliponiona nimeishika, aliinamisha kichwa, akalaza masikio nyuma, akageuza uso pembeni huku akirambaramba midomo, kisha akafyata mkia. Nikasema moyoni kwamba anajua alilolitenda na sasa anatubu. Nilipomsimulia mzee anayelinda nyumba ya jirani, alitikisa kichwa: "Mwalimu, huyo hajutii kiatu. Anakuogopa wewe."

Sikumwamini mpaka siku niliyoingia nyumbani nikiwa na hasira za kazini, nikabamiza geti, na Simba ambaye hakuwa ameharibu chochote akanionyesha uso uleule wa toba. Baadaye nilisoma kwamba Alexandra Horowitz, mtafiti wa Marekani, alilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Alitumia mbwa 14 waliokatazwa na wamiliki wao kula kipande cha chakula, kisha wamiliki wakatoka chumbani, na waliporudi wakati mwingine waliambiwa kwamba mbwa amekula ilhali hakula. Uso wa hatia ulitokana na kukaripiwa, si na kosa. Tena ulionekana zaidi kwa mbwa aliyetii akakaripiwa bure. Nilipaswa kulitambua hilo kutokana na Kiswahili chenyewe, kwani tunaposema mtu amefyata mkia tunamaanisha amenywea kwa woga, wala sijapata kusikia usemi huo ukitumika kwa mtu aliyetubu.

Mkia nao ulinidanganya kwa njia nyingine. Nilidhani kila mbwa anayeutikisa amefurahi, kumbe mkia haufai kusomwa peke yake. Simba anaponipokea huutikisa kwa upana, usawa wa mgongo au chini kidogo, na kiuno chote hufuata huku mdomo ukiwa wazi na macho yamelegea. Mgeni asiyemjua anaposimama getini, mkia husimama wima na kutetemeka kwa kasi nchani, mwili hukakamaa, mdomo hufumbwa na uzito wote huelekea miguu ya mbele. Hiyo ni mikia miwili tofauti, na huo wa pili ni onyo. Watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona mmiliki wake mkia huelemea zaidi upande wake wa kulia, na akimwona mbwa mgeni mwenye ubabe huelemea kushoto. Lakini wao walitumia kamera, na mimi simshauri mtu asimame getini akipima kulia na kushoto.

Kilichonichukua muda zaidi kukielewa ni dalili ndogo. Mbwa anayepiga miayo mtoto anapomkumbatia shingoni huenda hana usingizi hata kidogo. Akigeuza kichwa huku jicho likibaki limemkodolea mtoto, weupe wake ukaonekana pembeni, anaomba aachwe, na mtu mzima aliye karibu amwondoe mtoto papo hapo bila kelele. Nywele za mgongoni zikisimama, mbwa amesisimka, lakini msisimko huo waweza kuwa wa hofu kama unavyoweza kuwa wa ukali. Kuunguruma nako, ambako wengi wetu hukuadhibu kwa fimbo, ni heshima ya mwisho anayotupa: mbwa aliyefundishwa kwa kipigo kwamba asiungurume huja kuuma bila taarifa. Na katika nchi yenye kichaa cha mbwa, jino moja linatosha kumfanya mtu aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kutafuta chanjo.

Siku hizi nikifungua geti sisimami mbele ya Simba nikimtazama machoni. Nageuka ubavu kidogo, nangoja, naye huja mwenyewe. Jambo moja tu halijamtoka: nikiinama ghafla kufunga kamba za viatu, huruka nyuma na kufyata mkia, kwa kuwa watu wa mtaani wamemfundisha maana ya mtu kuinama, somo lilelile nililopewa mimi Tanga nikiwa upande wa pili wa jiwe. Kwa hiyo sasa viatu navifunga nikiwa nimeketi kizingitini.