Walivyoniita Jembe

Kwa miaka minne niliipenda sifa hiyo. Majirani walinipa kila waliponiona nikishuka kwenye daladala hapa Mbagala saa mbili usiku, mkoba begani na mfuko wa mboga mkononi, kisha nikipita kumchukua binti yangu aliyekwisha kulala na kumbeba hadi nyumbani. Walinipa wenzangu katika duka la vifaa vya ujenzi kule Gerezani ninakotunza hesabu, na mama yangu naye alinirudishia kwa simu kila Jumapili: mwanangu, wewe ni jembe. Nilicheka na kushukuru, na sikuwaza kwamba jembe haliulizwi kama limechoka. Hulimiwa hadi jua linazama, likaegemezwa ukutani na udongo wake, na alfajiri likashikwa tena.

Mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, nilianza kuumwa siku ya Jumatatu nikajisemea kwamba ni uchovu tu. Jumatano saa kumi na nusu alfajiri, nilipoinama kuipua sufuria ya uji, macho yaliingia giza. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, uji umetapakaa hadi mlangoni, na mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa ananimwagia maji kichwani kwa kikombe huku kwa mkono mwingine akimzuia mdogo wake asiukanyage uji wa moto. Hakuwa amemwita mtu yeyote. Nilipomuuliza kwa nini hakumgongea mama wa mlango wa pili, alinijibu bila kusita kwamba mimi mwenyewe nilimkataza kuwasumbua watu.

Ni kweli nilimkataza. Nilikuwa nimejiwekea nadhiri, tangu nilipoachana na baba yao, kwamba hakuna atakayepata nafasi ya kusema nimeshindwa, na nadhiri hiyo nikaifanya kanuni ya nyumba nzima. Mama wa mlango wa pili alipoitwa hatimaye, alikuja na kanga begani, akanifokea kwanza, ndipo akanipeleka zahanati. Ilikuwa malaria. Nilipewa dawa ya mseto, vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, na kwa siku hizo tatu watoto walikula na kulala kwake, nami nikalala mchana kweupe, jambo ambalo sikumbuki mara ya mwisho nililifanya lini.

Siku ya tatu nilipata nguvu ya kukaa kibarazani. Viatu vya shule vya mwanangu vilikuwa vimeanikwa hapo, na kwa kuwa sikuwa na haraka ya kwenda popote, niliviinua nikavitazama. Ndani ya kila kiatu kulikuwa na kipande cha boksi la tambi kilichokatwa kwa mkasi kufuata umbo la unyayo, kimelowa na kukauka mara nyingi hata kimekuwa kigumu kama ganda la mti, na chini yake soli ilikuwa imetoboka tundu la kupitisha kidole gumba. Viatu vilikuwa hivyo tangu kabla ya Pasaka. Alikuwa akinisikia usiku nikihesabu kodi, luku, nauli na masomo ya ziada, na mjomba wake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba yeye ndiye baba wa nyumba sasa. Basi akajitengenezea soli, akanyamaza. Jembe la pili lilikuwa limeshachongwa mle mle ndani, na aliyelichonga ni mimi.

Nililia sana siku ile, lakini viatu havinunuliwi kwa machozi. Nilimpigia kijumbe wa mchezo wetu wa kuchangiana fedha kwa zamu nikamwomba anisogeze mbele, nipokee mwezi ule badala ya mwezi wa tisa. Ulimi ulikuwa mzito, nikaeleza sababu nyingi kupita kiasi, na yeye akanikatiza akisema kwamba wenzangu wawili walikwisha kubadilishana zamu mwaka huu na hakuna aliyekufa.

Mwezi wa tano nilifanya lile nililoapa kutolifanya: nilikwenda ustawi wa jamii kuhusu matunzo. Afisa alinieleza kwa utulivu kwamba chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 wajibu wa kumtunza mtoto ni wa wazazi wote wawili, na kwamba mahakama, shauri likifika huko, hutazama kipato cha baba na cha mama pamoja na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Aliongeza kwamba chini ya sheria ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kupangiwa zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Nilicheka hadi nikaona aibu, maana fedha hiyo leo hainifikishi hata kituo cha pili. Baba yao aliitwa, akaja, akatia saini kiasi cha kila mwezi. Miezi miwili amelipa kamili, wa tatu ameleta nusu. Naandika haya bila kinyongo, au tuseme kwa kinyongo kidogo tu, na tarehe za malipo nimezihifadhi kwenye daftari kama ninavyohifadhi za wateja wa dukani.

Kaka yangu nimemwomba asimwite tena mwanangu baba wa nyumba. Alinuna, akasema nitamlea mtoto awe legelege. Acha anune. Usiku sasa nahesabu fedha baada ya watoto kulala, na kila Jumatano watoto hula kwa mama wa mlango wa pili, nami Jumamosi namsukia binti zake.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunarudi sokoni mwanangu aliposimama mbele ya kibanda cha chipsi na kusema kwamba anataka chipsi mayai. Nilimwambia hapana, kuna wali nyumbani. Akasema yeye hataki wali, anataka chipsi mayai, kisha akanifuata njia nzima hatua kumi nyuma, amevimba mashavu, akiviburuza viatu vipya mavumbini kwa makusudi. Sikumkemea.