Bundi wawili wa Sokoke

Nyumbani kwetu Malindi, bundi akilia juu ya mwembe usiku, nyanya alikuwa anaamka, anatupa chumvi kwenye makaa na kumwambia apeleke uchuro wake kwingine. Kwa hiyo mwaka 2012, nilipopata kazi yangu ya kwanza ya malipo kama mpiga picha wa ndege, sikumwambia nakwenda kumtafuta nani.

Mteja alikuwa mchapishaji wa kalenda. Alimtaka bundi wa Sokoke, tena alisisitiza: macho yawe wazi, yanaitazama kamera.

Bundi huyu ni mdogo, kama sentimita 16 hivi, angeenea kiganjani. Wanasayansi walimtambua miaka ya 1960 tu, na anajulikana sehemu mbili basi: huku kwetu pwani ya Kenya, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke, na vilimani Usambara Mashariki, ng'ambo ya mpaka. Aliyenipeleka ni mzee wa Kigiriama wa upande wa Gede, aliyewaongoza watazamaji ndege tangu ujana wake.

Tuliingia msituni alfajiri. Miti ya mirihi na mchanga wake mweupe tuliipita haraka. Udongo ulipogeuka kuwa mwekundu, mzee akapunguza mwendo. Hapo ndipo penye vichaka vya Cynometra, vimefumana hata huwezi kupita bila kuinama. Bundi hao hushinda humo wamelala, mara nyingi dume na jike pamoja, na mzee aliyajua matawi yao kama mtu ajuavyo milango ya majirani. Akanishika bega, akanyoosha kidole.

Nilikodoa macho muda mrefu nisione kitu. Kisha jani moja kavu likapumua.

Walikuwa wawili, wamebanana bega kwa bega. Mmoja rangi ya kutu, mwenzake kijivu, madoa meusi na meupe yametapakaa kifuani kama ukoga kwenye gome. Vishungi vya kichwani vimesimama. Macho yamefumbwa, yamebaki kama uzi.

Mle ndani mna giza hata mchana, na mzee alikuwa amekataza flashi tangu getini. Nikasimamisha kamera kwenye miguu mitatu, ISO 1600, kasi ya shata 1/15, nikabana pumzi. Picha zaidi ya ishirini, zote macho yamefumbwa.

"Mzee, hawawezi kufumbua kidogo tu?"

"Wamelala, mwanangu. Usiku kucha walikuwa kazini."

Alipozunguka kichaka kutazama upande wa pili, nikaokota kijiti kikavu nikakivunja.

Macho yakafunguka, manjano, mviringo. Niliyaona ndani ya lenzi kufumba na kufumbua, na kabla kidole hakijashuka tawi lilikuwa tupu. Yule wa kutu akatua kwenye mti usio na majani, juani. Mlamba akamwona wa kwanza, akapiga kelele. Wakaja shorewanda, wakaja na wengine wadogo nisiowajua majina, wakimpitia kichwani kwa zamu huku yeye amejikunyata, amebana macho kwa mwanga.

Mzee alirudi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikaa kwenye gogo, akavua kofia. "Sasa saa hizi ataenda wapi?" akauliza, wala hakuwa ananiuliza mimi. Tulikaa pale karibu saa nzima mpaka wale ndege wakachoka na bundi akateleza kichakani. Sikupiga picha hata moja. Nilichokifanya kilikuwa wizi, na nakiita hivyo hadi leo.

Nilipoomba kurudi alikataa. Nikamwendea tena kesho yake, akakubali kwa sharti moja: siku mbili za kwanza nitembee naye, kamera ibaki getini. Nikatembea. Nikajifunza kutazama vinyesi vyeupe juu ya majani kabla ya kuinua macho, na kuweka mguu chini bila kuvunja kitu. Siku ya tatu tukawakuta wote wawili, tawi jingine, wamebanana vilevile. Nilipiga picha sita tu, tukaondoka kinyumenyume.

Mteja akazikataa. Ndege waliolala, alisema, hawapendezi ukutani. Nikabaki na malipo ya awali, ambayo yaliishia kwenye nauli.

Picha moja niliichapisha, nikampelekea nyanya na kumweleza yote. Aliishika mbali na uso kwanza, kisha karibu.

"Hawa ndio wanaolia usiku?"

"Wa jamaa yao, nyanya. Hawa wako msituni."

"Na huyu wa kutu, alipona?"

"Alipona."

Akaiweka juu ya meza, pembeni ya redio. Adhana ya magharibi ilipoanza aliigeuza kifudifudi. Asubuhi, kabla ya chai, akaigeuza tena.