Usiku wa Manyoya

Mama yangu alifariki Tanga saa tisa usiku, kuamkia Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2009. Nilipokuwa mimi ilikuwa bado Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, na nilikuwa nimeketi mbele ya sahani ya samaki katika nyumba ya shamba nje kidogo ya mji wa Wilber, jimbo la Nebraska. Theluji ilikuwa inaanguka tangu jana yake. Barabara nyingi za jimbo zilikuwa zimefungwa, na ukichungulia dirishani huoni ghala wala miti, ni weupe tu unaokimbizwa na upepo.

Nilikuwa nasoma chuo katika mji wa jirani, Crete. Kila likizo ya Desemba mabweni yalifungwa, na sisi tuliotoka mbali tukapangiwa wenyeji wa kukaa nao. Mimi nilipangiwa bibi mjane wa miaka 83. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku niliyofika alinitazama viatu, akaingia chumbani, akatoka na soksi za sufu, akanivalisha mwenyewe nikiwa nimesimama kizingitini. Kisha akauliza ni kitu gani nisichokula. Nilipomwambia nguruwe, alinyamaza kidogo, maana jikoni mwake hata unga wa mikate ulikandwa kwa mafuta ya nguruwe. Kesho yake alikuwa amekwisha kununua kikaango kipya, na mpini wake ameufunga utepe mwekundu ili asije akakosea. Zile *koláče*, mikate midogo ya hamira inayobonyezwa katikati ikajazwa jamu ya plamu au mbegu za popi, aliziumua upya kwa siagi. Hakuniambia. Nililiona karatasi la mapishi, neno la zamani limekatwa kwa kalamu na "siagi" limeandikwa juu yake.

Wilber ni mji mdogo, watu wake hawafiki elfu mbili, lakini 1987, enzi za Rais Reagan, ulitangazwa kuwa makao makuu ya Wacheki wa Marekani, na kila Agosti hufanyika tamasha lao hapo. Babu zake bibi huyu walitoka Bohemia, nchi ya Wacheki huko Ulaya, kufuata ardhi, wakati ambapo serikali ya Marekani iligawa ekari 160 kwa atakayekaa na kulima miaka mitano. Yeye alizaliwa hukohuko Nebraska na kuolewa hukohuko. Mumewe alipopigwa na kiharusi alimuuguza miaka tisa nyumbani, akimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asiote vidonda vya kulalia. Jikoni alikuwa na kalenda ukutani, na penseli imening'inizwa kwa uzi pembeni yake. Karibu kila siku ilikuwa na jina la mtu: huyu kapasuliwa, yule kafiwa, mwingine kajifungua, na chini yake kile alichompelekea, supu au mayai au mkate. Mwanzoni nilidhani ni ratiba ya kanisa. Kumbe ilikuwa ya kwake peke yake, na alianza kuandika kalenda za namna hiyo kabla mimi sijazaliwa.

Jioni ile ya mkesha wa Krismasi alinieleza mila zao kabla hatujaketi. Meza huongezwa sahani moja tupu, kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Baada ya kula, tufaha hukatwa katikati kwa upana: mbegu zikitokeza umbo la nyota, mwaka ni wa afya, zikitokeza msalaba, ni ugonjwa au kifo. Na mlo ukishaanza mtu hanyanyuki, kwa sababu atakayenyanyuka kwanza hatafika Krismasi ijayo. Nilimwambia kwetu pia kuna wazee wenye mambo kama hayo, akacheka.

Tulikuwa tumeanza samaki simu yangu ilipolia mara moja ikakata. Nikajua ni kaka. Nyumbani tulikuwa tunabipu, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kwa kadi. Simu ilikuwa juu ya kabati, hatua nne kutoka nilipo. Ikalia tena, ikakata. Nilimtazama bibi. Nilikuwa najua kwamba kule ni saa tisa usiku, na kwamba kaka hawezi kubipu saa tisa usiku kwa jambo la heri, lakini miguu ilikuwa imeshikwa na ule mwiko wa watu wengine. Ilipolia mara ya tatu yeye aliweka uma chini, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasimama.

"Haya, inuka," akasema. "Nimeshatangulia mimi."

Aliishi miaka saba zaidi baada ya hapo, namshukuru Mungu. Lakini yeye siku ile hakulijua hilo, na alikuwa mtu wa kuziamini mila zake.

Kaka alisema maneno machache. Presha ilipanda, wakamkimbiza hospitali, hawakuwahi. Watamzika leo baada ya swala ya Ijumaa, nisihangaike na tiketi, sitamkuta. Hata bila theluji nisingemkuta. Nilihesabu saa: kaburini watamaliza kama saa nane mchana, ambayo kwangu ni saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa na saa kumi na moja za kukaa nikijua kwamba mama bado yuko juu ya ardhi nami sipo.

Bibi hakunikumbatia. Aliinua simu ya mezani akawapigia wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine, akasema kwa kifupi msichana wake amefiwa na mama. Jumamosi trekta la jirani lilipofungua njia, wote watatu walikuja nyuma yake na masufuria, na mmoja aliuliza mlangoni, kabla hajafungua kifuniko, kama kuku ninakula. Niliposikia hivyo nilikumbuka masinia yanavyoingia nyumba ya msiba kwetu, siku tatu jiko la wafiwa halikokwi. Sikujua kama watu wa kule nao wanayo.

Usiku ule alikwenda stoo akarudi na foronya kubwa iliyojaa manyoya ya bata bukini. Zamani, alisema, majira ya baridi wanawake walikusanyika nyumba hadi nyumba kuchambua manyoya ya kushonea lihafu nene waliloliita *peřina*, na bibi harusi hakutoka kwao bila hilo. Alikuwa hajachambua kwa miaka mingi. Akanionyesha: unashika unyoya kwa ncha, unachana ule ulaini wa upande huu kuteremka mpaka mwisho, halafu upande wa pili, uti unautupa. Usipige chafya, usifungue mlango, la sivyo chumba kizima kitajaa.

Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, manyoya mawili matatu ya kwanza niliyaharibu. Yake ilikuwa mikubwa, vifundo vimevimba kwa baridi yabisi, lakini kila unyoya aliumaliza kwa mivuto miwili. Kijilima cheupe kikaanza kuinuka katikati ya meza, palepale penye sahani tupu. Nilikuwa najizuia. Nikimwambia "samahani" kila chozi linapodondoka, kwa Kiingereza, na yeye akaacha kuchambua.

Akanieleza habari ya dada yake mkubwa. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule 1919, jimbo la Nebraska lilipopitisha sheria ya kupiga marufuku kufundisha watoto wadogo kwa lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua 1923, lakini woga ulikuwa umeshaingia majumbani. Mama yao alikufa akiomba kwa Kicheki, na yule dada, mtu mzima mwenye wajukuu, alikaa kando ya kitanda akimjibu kwa Kiingereza, kwa sababu kile kingine kilikuwa hakitoki tena.

"Hapa hakuna atakayekuelewa isipokuwa yeye," akaniambia. "Ongea naye kwa lugha yenu, *holčičko*. Usilie kwa Kiingereza." Neno hilo kwao ni binti mdogo.

Nikafungua kinywa. "Mama," nikasema, na baada ya hapo sikuweza kusimama. Nilimwomba radhi kwa simu nilizochelewa kupiga. Nilimuuliza nani kamkosha, nani kashika kichwa. Nilimwambia kuhusu soksi. Nilisoma Yasini, nilipokwama nikarudia mwanzo, na yule bibi Mkatoliki akaendelea kuchambua manyoya taratibu, kichwa kimeinama, kila ninaponyamaza na yeye akitulia mpaka nianze tena. Saa nane hivi alichukua lile tufaha ambalo tulikuwa hatujalikata. Alilisimamisha, akalikata kwa urefu, kutoka kikonyo hadi chini, ili isionekane nyota wala msalaba, akanipa nusu. Tukala.

Nilimwambia mara mbili aende kulala. Mara zote mbili alijibu kwamba foronya bado haijaisha.

Saa kumi na moja na dakika chache kaka alibipu. Nilipompigia, nyuma yake watu walikuwa wanaitikia dua. "Tumeshamhifadhi mama," akasema. "Watu wamejaa. Hakuna kilichopungua." Kikapungua kimoja, sote wawili tulikijua, hatukukitaja.

Nilipoweka simu chini bibi alikuwa amesimama mbele ya kalenda, manyoya yamemganda kwenye mikono ya sweta, penseli mkononi.

"Tuandike tarehe ipi?" akauliza. "Ya kwenu au ya hapa?"

"Ya kwetu."

Akaisogelea tarehe 25.

"Mama anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akaniomba nimtajie herufi moja moja, asikosee. Nikamtajia, naye akaandika.