Jino la Babu na dola elfu nane

Pale Gerezani ninapouza spea kila wiki lazima mtu aniulize, baba Nasra, dogo vipi, ameshaanza kuongea? Najibu bado. Wananipa pole, afu wananipa dawa. Yani hapa mjini hakuna pole tupu, lazima iambatane na dawa. Mmoja shemeji yake anamjua mzee fulani Bagamoyo, mwingine kaona klipu, mwingine anasema ni katuni tu hizo, zima TV uone. Mwanzoni nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari la madeni ya duka, ukurasa wa mwisho, nikawa na orodha ya vitu kumi na saba vya kumponya mwanangu.

Dogo mwenyewe ana miaka sita, tumempa jina la babu yangu kwa hiyo nyumba nzima tunamwita Babu. Ana usonji, yani autism. Tuliambiwa akiwa na miaka mitatu na nusu, lakini mama yake alijua mapema zaidi, mi ndo nilikuwa nabisha, nasema watoto wa kiume huchelewa kuongea, mbona hata mi nilichelewa. Akitaka maji hakuangalii wala halii, anakuja anashika kiganja chako anakipeleka kwenye mlango wa friji, kama fundi anavyochukua spana. Mi nilikuwa naona ni akili hiyo.

Nianze na aibu yangu. Alipokuwa na miaka miwili na nusu tulimpeleka kukatwa udata, kale kautando ka chini ya ulimi. Jirani alisema, bibi wa mtaani akasema, tukaenda kwenye zahanati moja, sekunde mbili imeisha, damu ikamwagika kwenye kitenge cha mama yake, na ulimi wenyewe ulikuwa hauna tatizo lolote. Ni mtoto aliyekuwa anasema "baba" na "taa" akiwa na mwaka na miezi minne, afu maneno yakapotea. Ulimi ungekuwa umefungwa hiyo taa angeisemaje? Hilo swali nimekuja kujiuliza mwaka mzima baadaye. Walipotushauri kimeo nacho kikatwe, mke wangu alikataa, na asante kwake.

Kwa sheikh tulienda pia, shangazi alisisitiza. Yule mzee alimsomea, akakaa naye karibu saa nzima akimwangalia anavyopanga tasbihi mstari mmoja kwenye mkeka, afu akatuambia wanangu, huyu hana jini wala husda, mpelekeni hospitali, na hela hakutaka. Nilitoka pale namheshimu kuliko madaktari wawili niliowaona kabla yake.

Lishe tulijaribu wiki tano, bila ngano bila maziwa. Sasa Babu anakula vitu vitano tu duniani: ugali, chipsi kavu, ndizi mbivu, mkate na maziwa. Ukitoa viwili vimebaki vitatu. Alipungua mpaka suruali zikawa zinamwanguka, na tabia hata moja haikubadilika. Baadaye ndo nikasoma kwamba ushahidi wa hiyo lishe kwa usonji ni dhaifu sana, labda kama mtoto ana shida ya tumbo inayojulikana. Tulirudisha mkate siku hiyohiyo.

Afu kuna wa India. Huyu alinipata kwenye WhatsApp, sijui namba aliipata wapi, ni wakala wa matibabu ya nje, anaongea vizuri, anakuita kaka. Sindano za seli shina, zile wanaita stem cells, dola elfu nane bila tiketi, anakutumia video ya mtoto hajui kuongea halafu video ya mtoto yuleyule anaimba. Nilimwangalia yule mtoto anaimba mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nina kiwanja Chanika, nilishaanza kumuulizia mteja. Kilichonizuia ni mdogo wangu wa kike, ye ni nesi, akaniambia kaka kabla hujauza tafuta wakubwa wa hukohuko wanasemaje. Kumbe mwaka 2022 baraza linalosimamia madaktari wa India lenyewe lilishatamka kwamba seli shina hazipendekezwi kwa usonji, na Marekani nako mamlaka yao ya dawa haijaidhinisha hata moja kwa kazi hiyo. Nikamtumia kaka wakala. Akasoma, tiki mbili za bluu, mpaka leo.

Na hizi habari za nje nazo zinaumiza watu ndani ya nyumba. Septemba 2025 Trump alisimama akasema wajawazito waache Tylenol kwa sababu ya usonji. Tylenol ni paracetamol, yani Panadol yetu hii. Hazikupita siku mbili dada yangu mkubwa kampigia mke wangu, wifi, hivi ulivyokuwa na mimba ya Babu ulimeza Panadol ngapi? Mke wangu hakula siku ile. Usiku nikakaa na simu nikamtafutia, Sweden waliangalia watoto karibu milioni 2.5, ikatoka 2024, walipolinganisha ndugu wa tumbo moja hawakuona uhusiano. Nikamforwadia dada. Akajibu na kile kimikono cha kuomba dua, mi nimekichukulia kama msamaha.

Tulipopata kituo cha terapi tukaambiwa mbinu yenyewe ni ABA, mtoto anafundishwa tabia hatua kwa hatua kwa kupewa zawadi, na ili ifanye kazi inabidi iwe masaa mengi. Wanaipa nguvu kwa utafiti wa mwanasaikolojia Lovaas wa 1987, kule California, watoto 19, masaa 40 kwa wiki, miaka miwili au zaidi, tisa kati yao wakaweza kusoma darasa la kawaida. Mi ni muuza spea, nikasikia arobaini nikapiga hesabu. Saa moja elfu 30. Ni milioni moja na laki mbili kwa wiki, sijala, sijalipa fremu, Nasra hajaenda shule. Tukachukua masaa matatu.

Lakini hata hela ingekuwepo kuna kitu sikukipenda. Mwalimu alikuwa anashika chipsi karibu na jicho lake mwenyewe anasema "nitazame", Babu akimtazama anapewa, asipomtazama hapewi. Alikuwa anatazama huku machozi yanamtoka. Mi nimelelewa Tanga, mtoto ukimkazia macho mkubwa wako unaambiwa huna adabu, sasa leo nalipa elfu 30 mwanangu afundishwe kukaza macho? Nikamuuliza mwalimu, akishajua kunitazama machoni, kinachofuata ni nini? Hakuwa na jibu, au alikuwa nalo hakutaka kubishana na mzazi. Nimesoma pia kwamba zamani huko kwa Lovaas walikuwa wanatumia hadi makofi, na watu wazima wenye usonji waliopitia hayo wanaongea kwa uchungu. Terapi za siku hizi zimelainika sana, na kuna watoto zimewasaidia, siwezi kukataa. Tuliomba tu hilo la macho liondolewe, muda uende kwenye choo na kuvaa suruali. Choo kilichukua miezi saba. Hiyo hela haijaniuma.

Sasa jino.

Januari mwaka huu Babu alianza kujing'ata kiganja mpaka kinatoka alama, hasa fundi wa mageti wa jirani akiwasha grenda. Daktari akatuandikia risperidoni. Alituelezea vizuri, kwamba dawa hii haitibu usonji, Marekani iliidhinishwa 2006 kwa watoto wa miaka 5 mpaka 16 wenye usonji kwa ajili ya hasira kali na kujiumiza, basi. Na kweli, kung'ata kulipungua, akawa analala. Ila akawa anakula kama kuli wa bandarini, kilo 19 zikawa 23 kwa miezi mitatu na nusu, na mchana anasinzia mdomo wazi.

Afu mwezi wa nne ghafla akaanza kujipiga shavu la kulia. Sio kidogo, yani kofi la nguvu, pah, usiku kucha, sikio likawa jekundu. Tukarudi kliniki, daktari tofauti, foleni ndefu, dakika tano, akasema labda mwili umezoea, tuongeze dozi. Nikatoka na karatasi mfukoni. Duka la dawa lilikuwa limefungwa, ndo bahati yenyewe.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga. Alikuwa anamlisha ndizi, mi nakunywa chai, akasema, "Baba Nasra, mbona mjukuu wangu anatafunia upande mmoja?" Nikasema ndo alivyo. "Ndo alivyo nini? Mmemtazama kinywani?"

Hatukuwa tumemtazama. Mwezi mzima, watu wazima wawili, daktari mmoja, hakuna aliyefungua mdomo wa mtoto. Mama akamshika kichwa, mke wangu akamshika mikono, Nasra akamulika tochi ya simu, na mi nikachungulia. Gego la chini kulia lilikuwa na shimo unaweza kuingiza punje ya mchele, na fizi imevimba.

Kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno haiwezekani kwa Babu, ikabidi alazwe kwa dawa ya usingizi kabisa, nikauza gia boksi moja ya Noah kwa hasara. Siku ya tatu baada ya kung'olewa makofi yakaisha. Ile karatasi ya dozi bado ninayo.

Sisemi dawa mbaya, bado anatumia, kidogo, na tunapima uzito na sukari. Ila daftari la madeni nimelipiga mstari. Siku hizi mtu akiniletea kitu nauliza kinatibu nini hasa, na kwa muda gani nitajua kimeshindwa. Wengi wanaishia hapo. Hata ile ya grenda, nilichokuja kukitumia ni vile vifuniko vya masikio vya mafundi, vile vikubwa vya chungwa, tunaviuza dukani elfu kumi na tano. Alivyovaa siku ya kwanza alipita mbele ya geti la jirani kama mwenye mtaa.

Na kadi. Hizi ndo ningeanza nazo kama ningekuwa na akili niliyonayo leo. Ni mfumo wa PECS, mtoto anaomba kitu kwa kukupa picha yake, wa 1985 huko Delaware, Marekani, mwalimu wa kituo ndo alitufundisha. Unapiga picha vitu vyake, unalaminisha steshenari buku moja ukurasa, unabandika ule mkanda wa kunata kama wa kwenye sendo za watoto. Mi nakaa mbele na chipsi, mama yake nyuma yake anamuongoza mkono, na hapo mwanzo hakuna kumuuliza "unataka nini", unakaa kimya tu mpaka kadi ifike kiganjani kwako. Kimya kile kilinishinda mimi kuliko Babu. Siku ya kumi na moja mama yake hakumgusa, akachukua kadi mwenyewe akaniwekea mkononi, akaacha kidole chake juu yake kidogo kama anayehakikisha nimeipata. Nilimpa sahani nzima.

Sasa ana kadi 34. Anayoipenda ni ya mwendokasi, Jumapili tunapanda Kimara mpaka Kivukoni na kurudi, na vifuniko vyake vya chungwa, hatushuki popote. Juzi saa saba usiku kaniamsha, kaniwekea hiyo mkononi. Nikamwambia kesho. Akaiweka tena. Nikawasha taa nikatafuta kwenye ubao kadi ya kumwambia kesho, hatuna, maana kesho unaipigaje picha?

Nimemuuliza dogo wa steshenari. Kafikiri, kasema weka jogoo. Nimelipa buku, leo usiku tunaijaribu.