Sehemu iliyobaki wazi kwenye shelfu

Jumamosi sikutoka kabisa. Nilishinda sebuleni na mswaki laini wa mtoto nafuta vumbi vitu vyangu kimoja kimoja, maana hii Tabata yetu vumbi haliishi, unafuta asubuhi jioni limerudi. Wanaonijua wanajua nakusanya vitu vya utotoni, huu mwaka wa sita sasa, na nimetaka kuandika hili jambo tangu mwezi wa sita ila nilikuwa sijalielewa vizuri mwenyewe.

Nianze na kitu kipya. Nimepata briki gemu, kile kigemu cha mkononi cha kupanga matofali! Niliikuta Mchikichini pale Ilala, chini kabisa ya fungu la rimoti na chaja zilizokufa, ya kijivu, batani za njano, kioo kimekwaruzika kidogo upande mmoja, yule kaka akasema elfu nane nikampa hapohapo wala sikubishana bei. Mpya bado zinauzwa mjini ila ukiishika tu mkononi unajua siyo zile. Nilivyofika home nikafungua kule nyuma, springi za betri zimeota kutu na ule ungaunga wa kijani, nikazisugua na siki kwa pamba ya masikio halafu spiriti. Ikawaka. Lakini mistari miwili ya kioo haionekani, yaani tofali likishuka linafika sehemu linakatika katikati kama limemezwa.

Nikampelekea fundi simu wa hapa kituoni na alichonionyesha kimenifurahisha sana. Kumbe kati ya kioo na bodi hakuna waya uliochomelewa, kuna kipande chembamba cha mpira, ukikiangalia kwa karibu kina mistari myeusi na myeupe mingi midogomidogo, ile myeusi ndiyo inapitisha umeme. Vumbi likiingia hapo au mpira ukilegea mstari unapotea. Alikifuta na spiriti, akakirudisha, akakaza skrubu zote sawasawa, basi. Ule mlio wa kuwaka ulipotoka nilisimama pale kituoni machozi yananilenga. Juu imeandikwa gemu 9999, na kila aliyewahi kuishika anajua ni zilezile chache, matofali, kigari cha kukwepa, vifaru, nyoka, zinarudiwa kwa spidi tofauti. Hilo la matofali alilitunga Alexey Pajitnov kule Moscow mwaka 1984, na mpaka linatufikia sisi Magomeni ndani ya plastiki ya Kichina ilishapita miaka zaidi ya kumi.

Sasa. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa anaangalia ninavyoiweka kwenye shelfu, akauliza, "Mama, ya kwako wewe ilikuwa ipi hapa?"

Nikataka kumjibu haraka nikashindwa.

Briki gemu ilikuwa ya mtoto wa nyumba ya pili, mi nilikuwa napewa nikishamsaidia hesabu, raundi moja tu. Zile kanda za gemu za kuchomeka kwenye TV ni za banda la mtaa wa nyuma, unalipia, unacheza, ukifa unapisha mwenzio. Magazeti ya katuni ya Sani niliyonayo, kina Ndumilakuwili na Kipepe na Lodi Lofa, sisi yalikuwa yanatufikia yameshapita mikono ishirini, hayana jalada wala ukurasa wa mwisho, unajitungia mwenyewe iliishaje. Hata kile kidoli cha macho ya kufumba na kufumbua nilikiona dirishani kwa watu. Na tulikuwa tunaangalia sana madirishani, maana ITV imeanza 1994 na kwetu TV iliingia baadae kabisa, kwa hiyo katuni nilizoziona nimeziona nimesimama nje, nimeshika nondo. Kaseti peke yake ndiyo naweza kusema ilikuwa ya kwetu, TDK moja ya dakika 60 ambayo baba alivunja vile vidude viwili vya juu watu wasirekodi juu yake, na sisi tukaviziba na karatasi tukarekodi.

Kwa hiyo miaka sita yote mi nimekuwa nakusanya utoto wa majirani. Nilikaa kwenye kochi nikaliwaza hilo mpaka usiku.

Vya kwetu vilikuwa vya kutengeneza. Mi nimezaliwa 1981, kipindi ambacho sabuni na sukari vilikuwa vya kupanga foleni, sasa midoli ya dukani nani angeifikiria? Hata Mzee Mwinyi alipoingia 1985 na biashara zikaanza kufunguka, ruksa, vitu vikajaa Kariakoo, nyumbani kwetu pesa ya mdoli haikuwepo. Mdoli wangu ulikuwa gunzi la hindi na nywele zake zilezile. Mpira ni soksi na nailoni. Na kaka yangu alikuwa fundi wa magari ya waya mtaa mzima.

Mnaokumbuka Dar ya zamani mnayakumbuka yale mabasi ya UDA, Ikarus, yaliyotoka Hungary, refu lile limeunganishwa katikati na kitu kimekunjwakunjwa kama kodiani, watu wakayaita kumbakumba. Kaka alinitengenezea kumbakumba. Mimi, mtoto wa kike, nikalisukuma mtaani na wavulana wote wakinyamaza. Lilikuwa na usukani wa waya mrefu unafika kifuani, matairi ya ndala, na pale katikati palikuwa panapinda kweli ukikata kona, nyuma inafuata mbele. Sijawahi kuwa na kitu kama kile tena.

Liko wapi? Halipo kwa sababu lilifumuliwa. Waya ulikuwa adimu, ukitaka gari jipya unafumua la zamani, unanyoosha waya kwa jiwe, unaanza upya. Kumbakumba langu likawa Scania, Scania likawa sijui nini, mwisho waya ukachoka ukakatikakatika. Ndiyo maana huwezi kulikuta Mchikichini hata uende kila Jumapili. Plastiki ya dukani imebaki, cha kwetu kimetumika chote mpaka kikaisha.

Nikampigia kaka, yuko Morogoro siku hizi. Shikamoo kaka, nikamwambia naomba unitengenezee kumbakumba. Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, nakuhitaji uje.

Alikuja wikiendi mbili baadae na plaizi yake mwenyewe. Ana miaka 51, anavaa miwani ya kusomea, na nilidhani atakuwa amesahau, lakini mikono haikusahau chochote. Alikunja fremu ya chini kwanza, bila kupima, anatumia shibiri tu. Kila maungio anayafunga na utepe wa tyubu ya baiskeli anauvuta mpaka unakuwa mwembamba halafu anauzungusha mara nne tano, ukiuachia unajibana wenyewe. Matairi aliyachora kwenye ndala kwa mdomo wa kikombe akakata na wembe. Kile cha katikati, ambacho ndicho nilikuwa nakingojea, alikichukua kwenye mwavuli wangu uliokufa, kitambaa cheusi, akakikunja mkunjo mkunjo akakishonea kwenye waya na uzi wa viatu. Nikamuuliza zamani ulitumia nini, akasema mwavuli wa bibi. Na haukuwa umekufa! Miaka yote hiyo mi sikuwahi kujua kwa nini bibi alimchapa siku ile.

Tulibishana idadi ya madirisha. Tulibishana milango ilikuwa mitatu au minne. Mwanangu alikaa chini katikati yetu kutwa nzima, hajashika simu, kazi yake kushikilia waya.

Shelfuni halienei, na ule usukani ni mrefu kuliko kabati lenyewe. Ile sehemu niliyoliachia imebaki wazi na gari linalala mlangoni, na jioni mwanangu analitoa na watoto wa jirani wanapanga zamu, nawasikia nje wanaita vituo, Magomeni, Fire, Mnazi Mmoja, vituo nilivyomfundisha mimi.

Juzi kaka kapiga, kasema Disemba anakuja, anataka kumtengenezea mjomba wake, yaani mwanangu, Scania. Nikafurahi sana. Halafu akasema msinunue waya, wa pale kwenye kumbakumba ni mzuri, haujachoka, ataufumua ule.

Nikamwambia kaka hapana, hilo usiliguse, hilo libaki. Akashangaa kabisa, akasema sasa gari si lipo tu, si atakuwa na jipya? Mwanangu naye, nilivyomuuliza, anataka Scania.

Jana nimemtumia kaka elfu ishirini anunue waya mpya hukohuko Morogoro. Bado hajanijibu.