Niliteremka Morogoro

Kwenye begi langu kulikuwa na vitu ambavyo msafiri wa kawaida habebi: ruta ndogo ya intaneti, laini za simu za mitandao mitatu, waya wa umeme wa mita tano, na diski yenye video ya gigabaiti 20. Hiyo video ndiyo ilikuwa mizani yangu. Kila mji nitakaofika, nitaipandisha mtandaoni na kuandika kwenye daftari imechukua muda gani.

Nahariri video za mafunzo, na wateja wangu wengi wako Uingereza. Mwaka wa tatu sasa sijakanyaga ofisi. Mwenye nyumba wetu wa Tabata alipopandisha kodi tena, na baa ya jirani ikaongeza spika, mama yangu ninayeishi naye aliniuliza usiku mmoja: "Mwanangu, kama kazi yako imo kwenye hiyo mashine, sisi hapa Dar tunamsubiri nani?" Sikuwa na jibu. Nikapanga siku kumi za mwezi Julai 2025, nizunguke Morogoro, Iringa na Dodoma, halafu nirudi na jina la mji.

Sikuchukua likizo. Mji ukiuendea kwa mapumziko utakupendeza tu. Nilitaka niuone siku ya Jumanne, nina kikao saa tano asubuhi na kazi ya kukabidhi kabla ya jua kuzama.

Treni ya umeme ilituondoa Dar asubuhi, nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000, na hata saa mbili hazikutimia tukawa Morogoro. Nakumbuka zamani safari hiyo kwa basi ilimaliza nusu siku, foleni ya Kimara peke yake ikikuchosha kabla hujaanza. Nilikuwa na haraka ya kuanza kazi, nikachukua chumba gesti ya kwanza niliyoiona jirani na Msamvu, stendi ya mabasi. Hapo nilikosea. Malori yalipita usiku kucha. Kesho yake, katikati ya kikao, umeme ukakatika, ruta ikazima, na nilipohamia kwenye simu mteja akawa ananisikia vipande vipande. Joto lilikuwa la kustahimilika na milima ya Uluguru ilikuwa pale pale mbele yangu, lakini sikuiangalia. Nikaandika "Morogoro: hapana" na kukata tiketi ya Iringa.

Barabara ya kwenda Iringa, kilomita kama 300, inakata katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Basi likapunguza mwendo, twiga wakatuangalia, watoto wakasimama kwenye viti. Ruaha Mbuyuni vitunguu vilipanda kwa madirisha. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa pembeni yangu alinunua nyavu mbili, akazipanga miguuni, ndipo akanigeukia.

"Unaenda kusalimia?"

"Hapana mama, natafuta pa kuhamia."

"Unahamia kwa nani?"

Nikamweleza kuhusu intaneti, kodi, hali ya hewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia taratibu, kama vile sikusikia: "Ndiyo, lakini kwa nani?" Basi lilikuwa limeanza kupanda Mlima Kitonga, kona juu ya kona, nyuma ya lori lililotambaa, na kwenye simu yangu mtandao ulikuwa umepotea kabisa. Sikuwa na jibu, kama vile sikuwa nalo kwa mama yangu.

Iringa niliipenda kabla sijashuka kwenye basi. Mji umekaa juu ya ukingo, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, Ruaha Ndogo ikipita chini yake. Wanasema jina lenyewe limetokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome, na ukitazama mji kutoka Ipogolo unaelewa kwa nini. Safari hii niliuliza kabla ya kulipa, nikapata chumba Gangilonga, mtaa uliochukua jina la lile jiwe linalosemekana kuongea. Kulikuwa na faiba, intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya. Nilikaa siku nne. Asubuhi nilifanya kazi na blanketi magotini, dirisha limefunguliwa nusu, na ukimya wa aina ambayo Tabata nilikuwa nimeisahau: kuku, fagio la mtu uani, hakuna kingine. Kichwa kilifanya kazi. Nilimaliza kwa siku mbili kazi iliyokuwa ichukue tatu.

Hapa inabidi nieleze hesabu yangu, maana wengi wanaohama kwa ajili ya kazi hizi huuliza kasi ya kupakua tu. Kwangu inayoua ni kasi ya kupandisha. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gigabaiti 20 ni megabiti 160,000. Mtandao unaopandisha megabiti 20 kwa sekunde utaifikisha video hiyo kwa saa mbili na ushee. Ukipandisha megabiti 5, ni karibu saa tisa, yaani mteja anaamka kazi haijafika. Na kampuni itakutangazia ile namba kubwa, ya kupakua. Ya kupandisha lazima uipime mwenyewe, ndani ya chumba chenyewe, saa zile zile utakazofanya kazi.

Pale Gangilonga video ilipanda kwa saa mbili na nusu. Nilifurahi, nikamtafuta dalali. Nyumba tulizoweza kulipia hazikuwa Gangilonga, zilikuwa Mkimbizi na kule juu Kihesa. Moja ilinishika moyo: vyumba vitatu, ua wenye parachichi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita tu. Nikaingia chumba cha nyuma na simu mkononi. Megabiti 3. Nikatoka nje, nikatembea kufuata nguzo, nikihesabu. Waya wa faiba ulikomea nguzo ya nne kabla ya nyumba ile. Fundi niliyempigia alisema wataufikisha iwapo watu wa kutosha watajiandikisha, lakini lini, hakuweza kusema. Nguzo nne. Nilisimama pale chini nikiangalia kisanduku cheusi cha faiba kwenye nguzo kwa muda mrefu.

Ningeweza kutegemea simu, laini mbili, moja ikigoma nyingine ishike. Nilishawahi kuamini hivyo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika kwa pamoja, na intaneti ya nchi nzima ikadhoofika. Mimi na laini zangu tatu tulikaa tunatazamana. Laini mbili si njia mbili kama zote zinaishia kwenye nyaya zile zile.

Jioni ile mama akapiga. Nilimweleza parachichi, nikamweleza baridi, kwamba usiku zinabaki nyuzijoto 12 hivi. Akauliza kama kuna kanisa karibu, lipo. Kama hospitali ya rufaa ya mkoa ipo, ipo. Kisha akanyamaza kidogo. "Na kliniki yangu ya moyo?" Kila baada ya miezi mitatu mama anaenda Taasisi ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili. Kutoka Iringa ni kilomita 500 za basi, kwenda, na nyingine 500 kurudi, kwa mama wa miaka 71 ambaye magoti yanamsumbua hata joto la Dar likiwepo. Nililala nikiwa na huzuni ya kweli, kama mtu anayemuaga rafiki.

Kwenda Dodoma nilipita njia ya Mtera. Basi linashuka vilima vya Nyang'oro, joto linapanda, halafu bwawa linafunguka ghafla, pana, na wavuvi wadogo kama nukta. Maji yale huzungusha mitambo ya megawati 80 pale Mtera, kisha yanashuka na Ruaha Mkuu hadi Kidatu na kuzungusha megawati 204 nyingine. Kwa mtu ambaye mshahara wake unasimama taa ikizimika, kuyaona kwa macho ni jambo. Nilikumbuka mgao wa mwisho wa mwaka 2023, na jinsi tulivyohesabu siku hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipoanza kuzalisha, Februari 2024.

Dodoma sitaisema sana. Ni mji wa mtu mwenye shughuli na serikali, na shughuli zipo: magorofa yanaota, barabara ni pana, na Hospitali ya Benjamin Mkapa inatibu moyo na kupandikiza figo, jambo lililonifanya nifikirie mara mbili. Faiba niliikuta, na video ilipanda haraka kuliko popote. Lakini kodi za Area D na Ilazo zilikuwa zinakaribia za Dar, maji kwenye nyumba nilizoonyeshwa yalitoka kwa zamu, na upepo wa Julai ulikuwa unamwaga vumbi ndani ya kompyuta yangu mpaka feni ikaanza kulia. Na katika siku mbili hakuna aliyeniuliza ninahamia kwa nani.

Tiketi yangu ya kurudi iliandikwa Dar es Salaam. Treni ilipoanza kupunguza mwendo kuingia Morogoro, Uluguru ikiwa na wingu mabegani, nikafungua daftari na kusoma nilichoandika siku ya kwanza. Nilikuwa nimeuhukumu mji mzima kwa chumba kimoja kando ya stendi. Nikachukua begi, nikateremka.

Dalali alinipeleka Kihonda, dakika chache kwa bodaboda. Nyumba ilikuwa ndiyo kwanza imemalizwa kupakwa rangi, upande mmoja anaishi mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, upande mwingine unapangishwa, laki mbili kwa mwezi. Nikaangalia nguzo kwanza: kisanduku kilikuwa kwenye nguzo ya mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa amevuta faiba kwa ajili ya wajukuu. Akaniruhusu nijaribu. Nikageuza ndoo ya rangi, nikaikalia, kompyuta magotini, nikaanza kupandisha video saa tisa alasiri. Megabiti 18. Kuhusu umeme aliniambia wazi kwamba hukatika, na akanionyesha betri na inveta alivyofunga, akisema fundi wake anaweza kunifungia na mimi.

Alinijia na stuli. "Inuka hapo mwanangu, ndoo ina rangi mbichi. Utakaa na nani humu?"

"Na mama yangu."

"Anaumwa?"

Nikashangaa alijuaje. Akasema niliulizia treni ya kwenda Muhimbili mara mbili kabla sijaulizia choo. Yeye mwenyewe hupanda ile ya asubuhi kwenda kliniki na jioni yuko kwake.

Simu ikaita, ni mama. Nikaanza kumweleza, kisha nikaona ni bure, nikampa mwalimu simu. "Shikamoo dada," akasema, na akatoka nayo barazani. Nilisikia habari za magoti, za dawa za presha, za nani anatoka wapi. Video ilimaliza kupanda saa kumi na moja na nusu, wao wakiwa bado wanaongea.